Asiyesali Jumuiya Hazikwi

Watu husema hasira hasara. Aliyetunga msemo huo hakuwahi kuishi jirani na Gertruda. Mimi nimekaa naye ua kwa ua hapa Fukayosi tangu nilipohamishiwa kuja kufundisha shule ya msingi, na ninasema bila kupepesa macho: kama si hasira za mama huyu, mambo mengi ya aibu yangepita kwetu kimya kimya, na sisi tungeendelea kuimba na kupiga makofi.

Sisemi kwamba ni mtu mwepesi kukaa naye. Ni Mluguru. Baba yake alikuwa seremala wa misheni, akitengeneza mabenchi ya kanisa huko milimani, na binti amekua akiamini kwamba kitu cha Mungu kikienda upande lazima kinyooshwe, hata kwa nyundo. Mumewe alifariki zamani. Analima mihogo, ana mikorosho nyuma ya nyumba, na ana kuku anaowagombeza kana kwamba wamebatizwa. Akikasirika huvua kanga ya kichwani na kuifunga kiunoni, na yeyote anayemjua hukumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni. Mwaka mmoja kijana alipozungushia uzio njia ya kisima, Gertruda alikwenda na panga akafyeka uzio wote peke yake, halafu akapita kumsalimia mama wa kijana kama kawaida, akanywa na uji.

Ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, Jumuiya ya Mtakatifu Monika. Kwa asiyejua, jumuiya ni familia chache za Kikatoliki zilizo jirani. Hukutana kila Jumamosi alfajiri kusali, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye zamu hutandika mkeka na kupanga viti. Tunasoma Injili, kila mmoja anasema neno limemgusa wapi, na mwisho tunaulizana tutafanya nini wiki hiyo. Mara nyingi jibu ni kumtembelea mgonjwa na kufagia kanisa. Likitokea la kutokea, jumuiya ndiyo inayopika, inayoimba na inayobeba jeneza.

Hapo ndipo ilipoingia kanuni. Asiyesali jumuiya, kigango chetu, yaani kanisa letu dogo lililo chini ya parokia, hakimziki. Hakuna katekista, hakuna wimbo, hakuna msalaba kaburini. Ilianza kama fimbo ya kuwatikisa wavivu wanaojua njia ya kanisa siku ya harusi tu, na sote tuliiona nzuri, maana sisi tulikuwa wahudhuriaji. Aliyeishikia bango kuliko wote ni Medard, mwenyekiti wa kigango. Kila mwezi aliirudia kwenye matangazo na kuituma kwenye kundi la wasapu la kigango, pamoja na picha ya kaburi lisilo na msalaba. Picha hiyo ilinichefua tangu mara ya kwanza.

Medard ana shamba la mananasi linaloanzia barabarani na kuishia usikoweza kuona. Bati la kanisa ametoa yeye. Kengele ametoa yeye. Hanywi pombe, hatukani, na akisoma somo la kwanza hata watoto hunyamaza. Angekuwa mlevi na mgomvi tungemjua mapema.

Shambani kwake kuna kambi ya vibarua waliotoka bara, wengi Wakristo, wanaolala kwenye mabanda ya mabati. Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linalonichoma hadi leo. Jumamosi alfajiri, saa ile ile ya jumuiya, ndiyo saa ambayo Medard amewapangia kukata mananasi na kupakia fuso linalokwenda sokoni Dar es Salaam. Atakayekosa kupakia hana kazi Jumatatu. Kwa hiyo mtu yule yule aliyesimama madhabahuni kutangaza kwamba asiyesali jumuiya hazikwi, ndiye aliyewazuia wasisali jumuiya. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawakusema kitu juu ya aliyefungiwa asiwepo.

Gertruda aliliona hilo kabla yetu. Jumapili moja baada ya ibada alimfuata Medard nje ya kanisa, mimi nikiwa nimesimama karibu.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwenyekiti."

"Milele amina, Mama Gertruda. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nina ombi. Watu wako wa kambini waachie saa moja tu Jumamosi, waje wasali na wenzao."

Medard alitabasamu. "Mama, nanasi likishaiva halijui Jumamosi wala Jumapili. Fuso likichelewa, mzigo unaozea njiani."

"Basi sisi tutakwenda kwao. Zamu moja tusalie kambini."

Tabasamu liliondoka. "Kambini hapana. Pale ni mahali pa kazi. Mwaka jana niliwaruhusu wakutane kidogo, wakatoka na madai. Mara pipa la maji, mara glavu. Mikutano huwaharibu watu."

Habari ya pipa ilikuwa kweli. Maji ya kunywa ya kambini yalikaa kwenye pipa lile lile walilochanganyia dawa ya kupulizia mananasi. Walisuuza, wakajaza, wakanywa. Waliomba pipa jingine, pipa tu, na Medard aliyetoa kengele ya kanisa hakuliona pipa. Siku hiyo Gertruda aliivua kanga ya kichwani palepale uwanjani pa kanisa, lakini Medard alikuwa ameshapanda gari.

Mmoja wa watu wa kambini alikuwa Sixbert, kijana kutoka Kasulu, mrefu, mpole, mwenye mikono iliyochanwachanwa na miba ya mananasi. Alikuwa pale na mkewe, Hope, aliyekuwa akipika uji wa vibarua. Jumapili walipopata nafasi walikuja kanisani wakakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Sixbert aliimba besi. Ndiyo namna tulivyomfahamu, kwa sauti inayotoka nyuma.

Homa ilimshika mwanzoni mwa wiki. Alitapika, akaambiwa na msimamizi amalize kwanza mstari wake wa kupulizia. Katikati ya wiki alikuwa bado shambani, amejifunga sweta juani. Ijumaa asubuhi Hope aliamka, yeye hakuamka.

Kabla ya saa nne Hope alikuwa uani kwa Gertruda, miguu ina udongo mwekundu hadi magotini. Aliinama akamsalimia. "Shikamoo, mama." Alisalimia hata siku hiyo. Gertruda alimwitikia marahaba, akamkalisha, na Hope akasema jambo moja tu, akalirudia: kumsafirisha Kasulu hawawezi, basi azikwe hapa, lakini azikwe na sala, asifukiwe kama mbuzi. Mama yake Sixbert kule nyumbani ndilo swali la kwanza atakalouliza.

Gertruda akanipitia, tukaenda wote kwa Dominiko, katekista wetu, anayeongoza ibada padri asipokuwapo. Dominiko ni mtu mwema. Tatizo lake ni kwamba ameumbwa bila mfupa mmoja, ule wa mgongoni. Alipiga simu parokiani, akajibiwa wafuate utaratibu wa kigango. Akampigia Medard, akaenda kusikilizia nyuma ya nyumba, akarudi amefurahi.

"Mwenyekiti ni muungwana," alisema. "Jeneza anatoa yeye. Gari anatoa yeye. Anachotaka ni mwenyekiti wa jumuiya aseme tu kwamba marehemu alikuwa anahudhuria. Mama, wewe sema alikuwa anakuja Jumamosi, tumalize. Nani ataumia?"

Nilikubaliana naye. Nilitamani kabisa liishe hivyo. Uongo mdogo, mtu azikwe, mjane atulie. Gertruda alimtazama Dominiko mpaka mzee wa watu akaanza kufuta simu yake kwa kanzu.

"Nikisema Sixbert alikuwa anakuja Jumamosi," alisema polepole, "nimesema Medard alikuwa anamruhusu. Hilo ndilo analolinunua kwa jeneza. Na yule wa kesho? Na yule wa mwezi ujao, naye nitamwongopea?"

"Lakini Hope anataka mumewe azikwe, mama," alisema Dominiko.

Hapo Gertruda aliogopa, nilimwona. Ni rahisi kuwa na msimamo kwenye maiti ya mwenzio. Alirudi uani, akakaa chini mkekani karibu na Hope, akamweleza yote bila kupunguza: kwamba yeye Gertruda akisema neno moja la uongo mumewe atazikwa jioni hii kwa jeneza zuri, na asiposema, hajui itakuwaje. Akamwambia aamue yeye mwenye msiba, naye atafanya atakavyotaka.

Hope aliuliza, "Medard atasema Sixbert alikuwa anaruhusiwa?"

"Ndiyo."

"Kila Jumamosi alikuwa ananiambia, leo wenzetu wanasali." Alijifuta uso kwa kiganja. "Basi usiseme, mama."

Wakati huo Muharami alikuwa ameshafika na vijana wake na majembe. Muharami ni mkulima mwenzetu, Mwislamu, Mkwere wa hapahapa, na kwa desturi yetu msiba ukitokea hatuulizani dini kwenye kuchimba. Walikuwa wameshapata mahali kwenye makaburi ya kijiji na kumaliza kazi. Alikuta tumekaa tunabishana.

"Bi Gertruda, poleni. Kaburi tayari. Mnazika saa ngapi?"

Ilibidi nimweleze mimi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Muharami alisikiliza hadi mwisho, jembe begani.

"Sasa huyu maiti ana kosa gani?" aliuliza.

"Hakuhudhuria."

"Maiti haulizwi sanda, mwalimu, sembuse mahudhurio. Kwetu sisi saa hizi tungekuwa tumesharudi." Akamgeukia Gertruda, na hakuwa anatania. "Kama kwenu shughuli ni nyingi, tupeni sisi tumsitiri. Dua tutamwombea tunayoijua."

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuaibika namna ile. Gertruda aliinuka, akaivua kanga ya kichwani.

"Ahsante, Muharami. Atazikwa na wa kwao. Kesho asubuhi mje tena, tutahitaji mabega." Akanigeukia mimi. "Kesho ni Jumamosi. Zamu ni ya nani?"

"Yako."

"Nimempa Sixbert. Waambie watu. Jumuiya inasali kambini."

Kulipopambazuka tulikwenda, tumebeba mikeka na viti vya plastiki vichwani. Mlinzi wa getini alituona, akaona sanda mkononi mwa Gertruda, akafungua. Msiba haufungiwi mlango, hata mlinzi wa Medard analijua hilo. Fuso lilikuwa limeegeshwa, nyuma wazi, na vibarua wanaleta matenga mabegani. Walipotuona tunatandika mikeka mbele ya banda alimolala Sixbert, mmoja aliweka tenga lake chini. Halafu mwingine. Hakuna aliyewaita.

Tukasali kama tunavyosali siku zote. Injili ikasomwa. Ulipofika wakati wa kila mtu kusema neno limemgusa wapi, sisi wenyeji wa jumuiya tulikaa kimya, sisi ambao kila wiki tulikuwa na maneno mazuri ya kusema. Mama mmoja wa kambini akasema, "Mimi limenigusa kwenye maji." Akanyoosha kidole kwenye pipa la bluu. Akaeleza namna wanavyolisuuza, namna mate yanavyokuwa machungu, namna Sixbert alivyotapika na kurudishwa shambani. Mwingine akaeleza juu ya glavu. Mwingine akasema yeye ana hamu ya kupokea komunyo, lakini anaona aibu kwa kuwa anatangazwa mvivu wa sala wakati anaamka kabla ya jogoo. Walisema bila kupiga kelele. Hasira niliyokuwa nayo mimi nilitaka niibebe nimtupie mtu.

Dominiko alikuwa amekuja pia. Alikaa pembeni, kitabu cha sala kwapani, tayari kukimbia.

Gari la Medard liliingia wakati tunaulizana tutafanya nini wiki hii. Alishuka amevaa shati jeupe, akatazama fuso tupu, akatazama mikeka.

"Mama Gertruda, nani amekuruhusu?"

"Kaa, mwenyekiti. Jumuiya haijaisha."

"Hii si jumuiya. Huyu marehemu, Mungu amrehemu, hakuwa mwanajumuiya. Kanuni mnaijua."

Gertruda alisimama. Kanga ilikuwa kiunoni tangu nyumbani. "Tangu lini mtu aliyepokea jumuiya kwake akaitwa si mwanajumuiya? Mkeka huu ni wake. Hapa ni kwake, na tumesali kwake. Wewe ulimzuia asije, ukamkataza asituite, ukamnywesha dawa kwenye pipa la maji, halafu ukasimama mbele ya altare kutangaza kwamba hatazikwa! Kanuni hiyo uliitunga kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya fuso?"

Nilidhani Medard ataishiwa maneno. Watu wa aina yake hawaishiwi. Alifunga kitufe cha juu cha shati, akawageukia vibarua, akasema kwa sauti ile ile ya somo la kwanza kwamba yeye hagombani na msiba. Anayetaka kazi aende akapakie sasa hivi. Anayetaka kubaki hapo abaki, ila akitoka makaburini afunge mzigo wake aondoke.

Baadhi waliinuka. Sitawasema vibaya, wana watoto. Kijana mmoja alipita mbele ya mlango wa banda, akapiga ishara ya msalaba, akaenda kuinua tenga huku machozi yanamtoka. Wengine hawakuinuka. Yule mama wa maji alibaki ameketi, mikono mapajani, na Hope alimshika bega.

Dominiko ndiye aliyenishangaza. Alisimama, akafungua kitabu. "Marehemu amepokea jumuiya," alisema, hakumtazama mtu. "Mimi nitamzika." Nikagundua kwamba ule mfupa alikuwa nao, ila ulikuwa haujatumika.

Jeneza la Medard hatukulichukua. Muharami na vijana wake walikuja na jeneza la mbao walilotengenezewa na fundi wa kijijini, wakatia mabega pamoja nasi. Wao walisimama nyuma kidogo wakati wa sala, majembe mkononi, halafu wakasogea kufukia. Sixbert alizikwa kwa wimbo, kwa maji ya baraka, kwa msalaba wenye jina lake. Hope alimpigia simu mama mkwe akiwa bado makaburini, akamwambia, "Amezikwa na sala, mama. Amezikwa vizuri." Nilisikia kilio upande wa pili.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo Medard alitubu. Hakutubu. Jumapili iliyofuata alisoma somo la kwanza, na alilisoma vizuri. Kanuni ipo bado. Pipa jipya limenunuliwa, hilo siwezi kukataa; mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini wale waliobaki mkekani siku ile, mavuno ya wiki yalipokwisha Ijumaa, wote walifukuzwa, na Hope wa kwanza. Gertruda alikuwa amejiandaa kwa lawama, kwa kuvuliwa uongozi, hata kwa polisi. Hilo la watu kutupwa njiani na watoto wao alikuwa amelisikia kwa masikio yake, lakini nadhani hakuamini kwamba Mkristo angelitenda kweli.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwake. Tulikuwa tumeshakaa, viti vimejaa, wimbo wa kwanza umeanza, tukaona watu wanaingia uani na mabegi, masufuria yaliyofungwa kwa kamba, godoro lililokunjwa. Mbele yao Hope. Gertruda aliacha kuimba akaenda kuwapokea. Alidhani wamekuja kumlalamikia, na nadhani alikuwa tayari kusikia.

"Mmelala wapi?"

"Stendi, mama. Shikamoo."

"Mmekula?"

"Tutakula baadaye. Tumekuja kusali." Hope alitua begi lake chini. "Jumamosi sasa tuna nafasi."

Alilisema bila kejeli hata kidogo, na ndiyo maana liliuma. Gertruda alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe, na hakikuwa kilio cha huzuni. Alilia kwa hasira, meno yameumana, mikono inatafuta kitu cha kuvunja. Kisha akatugeukia sisi, wahudhuriaji wazuri, tuliokaa na vitabu vyetu vya nyimbo mapajani.

"Nyie mnaosali kila wiki, mnatazama nini? Simameni wakae hawa!"

Tukasimama.